Mtoto hatulii kwenye kinanda? Anza na miguu yake

“Mwalimu, huyu wangu hatulii hata dakika tano.” Kauli hii huja karibu kila muhula unapoanza, na mara nyingi mtoto mwenyewe ana miaka mitano au sita. Kabla sijajibu lolote huomba picha moja: mtoto akiwa amekaa kwenye kinanda, ipigwe kutoka ubavuni.

Mara nyingi jibu limo humo humo. Kinanda cha vitufe 61 kimewekwa juu ya meza ya chakula, mabega ya mtoto yamepanda karibu na masikio ili mikono ifike, na miguu inaning'inia. Akikaa hivyo, mwili wote unahangaika kutafuta pa kujiegemeza, na si muda atakuwa anajinyonganyonga kitini. Mzazi anaona utundu, mimi naona mgongo uliochoka. Ongeza mto juu ya kiti mpaka viwiko vilingane na vitufe, na chini ya nyayo weka kreti ya soda. Umakini tutauzungumza baada ya hapo.

Jambo la pili ni kazi yenyewe. “Fanya mazoezi nusu saa” ni agizo la mtu mzima. Mtoto wa umri huo hajui nusu saa inaishia wapi, kwa hiyo kila baada ya muda mfupi atauliza, “Bado?” Mimi natumia maharage. Punje tatu zinakaa upande wa kushoto wa kinanda. Kazi ni noti nne za kwanza za wimbo tu, mkono wa kulia peke yake, gumba likiwa kidole cha 1. Akizipiga sawasawa, anahamisha punje moja kwenda kulia kwa mkono wake mwenyewe. Akikosea, punje haihami, anajaribu tena. Zikihama zote, kazi imekwisha, hata kama ni dakika mbili tu zimepita. Wapo walimu wanaorudisha punje zote mwanzo mtoto anapokosea. Kwa wadogo siupendi mtindo huo: akifika punje ya tatu anapiga kwa hofu, na vidole vinakakamaa.

Baada ya hapo usirefushe kazi, ibadilishe. Aimbe do, re, mi, fa huku akigusa vitufe bila kubonyeza. Apige makofi ya mdundo wa wimbo. Afumbe macho atafute kwa kupapasa vitufe vyeusi vilivyokaa viwili viwili, maana do iko kushoto kwao tu. Nyumba yenye mwanakwaya ina bahati hapa, do-re-mi hizo mtoto ameshazisikia tangu akiwa mgongoni.

Kinanda cha umeme kina mtego wake: kile kitufe kinachowasha ngoma ya rumba. Usitegemee mtoto akishinde. Funika sehemu hiyo kwa kipande cha boksi wakati wa kazi, na ukifunue mwishoni achezee anavyotaka. Hapo ndipo wengine hugundua wenyewe mkono wa kushoto unaweza kufanya nini.

Kuhusu saa, kwa Dar es Salaam asubuhi sahau. Basi la shule linawachukua wengine kabla hata hakujapambazuka. Jioni, akishakula kitu, kabla ya kazi za shule, katuni zikiwa zimezimwa na mdogo wake akiwa chumba kingine. Wewe mzazi kaa pembeni, na simu yako isiwe mkononi. Chagua jambo moja la kumsahihisha siku hiyo: kama ni vidole, mdundo uache upite.

Halafu kuna dalili moja ya kuangalia. Kipande alichokuwa anakipiga vizuri muda mfupi uliopita kikianza kuharibika, amechoka, na kukirudia kutamzoesha makosa. Mwambie apige wimbo anaoujua vizuri zaidi, hata kama ni ule wa miezi mingi iliyopita, kisha azime kinanda. Kesho aanze na hicho kipande kilichoharibika, akiwa bado na nguvu.