Taa za mchana za gari: kuzizima si kukata waya

Gari lililotoka Uingereza au Ujerumani mara nyingi huja na taa za mchana, zile zinazowaka zenyewe injini inapowaka. Ulaya ilizilazimisha kwa aina mpya za magari kuanzia Februari 2011. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya nyuma hayanazo, ndiyo maana aliyezoea Probox akizikuta hudhani ni hitilafu, akakimbilia kwa fundi. Haya ndiyo yanayosemwa sana kuzihusu, na ukweli wake.

"Zinamaliza betri." Injini ikiwa inazunguka, mzigo huo unabebwa na alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, inayotoa volti 13.8 hadi 14.4. Balbu mbili za wati 21 hula ampea 3 hivi; za LED hula pungufu ya hapo. Betri huumia pale ufunguo umefunguliwa, injini imezimwa na redio inaimba asubuhi nzima. Ikiwa gari limefungwa usiku kucha na alfajiri haliwaki, mchawi ni mwingine: taa ya buti, au redio iliyounganishwa moja kwa moja na betri.

"Zinakula mafuta." Kutoka Malindi hadi Mombasa, kilomita kama 120, balbu hizo mbili zitakugharimu takriban mililita 60 za petroli. Ni kikombe kimoja cha kahawa chungu.

"Kuzizima ni kukata waya mmoja tu." Hapa ndipo magari yanapoharibiwa. Ncha iliyokatwa huvuta unyevu, na hewa yetu ya bahari ina chumvi. Chubua ganda la waya wa namna hiyo baada ya miezi kadhaa: shaba imeota kutu ya kijani, na mbele kidogo, ndani ya ganda ambapo jicho halikufika, imeshakuwa nyeusi. Kutu hiyo hutambaa hadi kwenye soketi ya taa. Isitoshe, kompyuta ya gari hupima umeme unaopita kwenye taa. Ikikosa kuuona, huwasha onyo kwenye dashibodi. Na katika magari mengi taa ya mchana na taa ya parking ni LED zilezile, usiku hupunguzwa mwanga tu. Ukikata moja umekata zote mbili.

Njia safi huanza kwenye menyu ya dashibodi, sehemu ya taa. Magari kadhaa yana chaguo la kuzizima humo. Kama halipo, soma mchoro wa fyuzi kwenye kitabu cha gari. Fyuzi ikiwa ni ya taa za mchana peke yake, toa ufunguo, ichomoe, uiweke salama. Kisha washa gari ujaribu taa moja moja: parking, dimu, fulu, indiketa, breki. Taa yoyote ikikataa, rudisha fyuzi, maana zinagawana njia. Mwisho ni mashine ya kompyuta, inayochomekwa kwenye soketi chini ya usukani ili kubadilisha mpangilio wa taa. Fundi aandike thamani ya zamani ya mpangilio huo kabla ya kugusa kitu. Asiyeiandika hana pa kurudi.

"Vuta breki ya mkono jino moja, zitazima." Kwa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni kweli, lakini gari likiwa limesimama. Ukiendesha hivyo, lainingi huweza kusuguana na dramu njia nzima, zikapata moto na kuisha mapema.

"Juani hazina kazi." Pita msitu wa Arabuko Sokoke saa nne asubuhi: kivuli, jua, kivuli. Gari la kijivu humezwa na kivuli, taa zake haziwezi kumezwa. Anayetaka kulipita lori huziona kabla ya kuliona gari lenyewe.

Dhana ya hatari kuliko zote ni hii: "Mbele kunang'aa, basi taa nimewasha." Katika magari mengi taa za mchana haziwashi za nyuma. Huku kwetu jua likishazama, dakika 20 hivi giza limeshika, na dashibodi inayowaka muda wote haikukumbushi chochote. Unavuka daraja la Sabaki mbele kumeangaza, nyuma giza totoro, na tuktuk inakufuata. Kabla ya kuondoka wakati wa magharibi, acha injini ikinguruma, shuka, zunguka nyuma ya gari. Usipoona wekundu, rudi ugeuze swichi hadi kwenye dimu.