Skrini ya kugusa kwenye gari: yanayosemwa na ukweli wake

"Skrini ni teknolojia mpya, kwa hiyo ni salama kuliko vitufe."

Si mpya kihivyo. Buick Riviera ya mwaka 1986 tayari ilikuwa na skrini ya kugusa. Tatizo lake ni kwamba kioo ni laini kote. Kitufe kina umbo: kidole hukipapasa, kikakitambua na kukibonyeza huku macho yakiwa barabarani. Kwenye skrini usipotazama hujui kidole kimetua wapi, na gari likirukaruka kwenye mashimo kinatua pembeni.

"Utazoea tu."

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu imeshapimwa. Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi ndogo ndogo, kama kupasha kiti joto na kubadili stesheni ya redio, wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Walipewa muda wa kulizoea kila gari kwanza. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, ilichukua sekunde 10, ikawa imekwenda mita 306. Gari la skrini lililoshika mkia lilichukua karibu sekunde 45: mita 1,372.

Fikiria usiku wa mvua, kioo cha mbele kimeingia ukungu ghafla. Unagusa alama ya kiyoyozi, unasubiri ukurasa ufunguke, unatafuta kijipicha cha kioo, kidole kinakosea, unarudia. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, kila sekunde ya hayo yote ni mita 28 ambazo hukuziona.

"Skrini ya gari si sawa na simu."

Huko Ujerumani, dereva mmoja alikuwa akirekebisha kasi ya waipa kwenye skrini wakati wa mvua. Gari likaacha njia na kugonga miti. Mwaka 2020 mahakama ya Karlsruhe ilisema skrini hiyo ni kifaa cha kielektroniki kama vingine, simu ikiwemo, ambavyo sheria inambana dereva kuvitumia akiwa anaendesha. Alitozwa faini ya euro 200 na kuzuiwa kuendesha kwa mwezi mmoja.

"Amri za sauti zimemaliza kazi."

Zimepunguza tu. Macho yanabaki mbele, lakini akili bado inahangaika na mashine isiyokuelewa.

"Basi skrini zote zing'olewe."

Hapana. Ramani na kamera ya nyuma zinahitaji skrini, na zinasaidia kweli. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: kuanzia 2026, Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wanataka indiketa, taa za hazadi, honi, waipa na kitufe cha kuita msaada wa dharura viwe na vidhibiti vyake vya kushika kwa mkono, la sivyo gari litapoteza alama na linaweza kukosa nyota tano. Hiyo si sheria, lakini hakuna mtengenezaji anayependa kupoteza nyota.

Ukienda kununua gari, keti kwenye kiti cha dereva likiwa limesimama, fumba macho, kisha tafuta waipa, hazadi na kiondoa ukungu kwa mkono. Utakachoshindwa kukipata hapo, barabarani utakitafuta kwa macho.