Umri wa Msitu Uko Chini ya Miguu: Kuongoza Matembezi ya Jamii Katika Misitu ya Kale ya Uingereza

Mgeni akiingia msitu wa kale kwa mara ya kwanza, macho hupanda juu kutafuta mti mnene kuliko yote. Uzee wa msitu hauko huko. Kwa England na Wales, msitu wa kale ni ule ambao ardhi yake imekuwa chini ya miti mfululizo tangu mwaka 1600. Kwa Scotland hesabu huanzia 1750. Kabla ya nyakati hizo kupanda msitu lilikuwa jambo la nadra, kwa hiyo msitu uliokwisha kuwapo yamkini ulijiotea wenyewe. Miti yake inaweza kuwa imekatwa mara ishirini, na mingi iliyosimama leo ikawa michanga kuliko bibi aliyekuja kutembea, lakini msitu ukabaki wa kale maadamu udongo wake haukugeuzwa kuwa shamba. Misitu ya namna hii imebaki kwenye takriban asilimia 2.5 tu ya ardhi ya Ufalme wa Muungano.

Kiongozi wa matembezi akilielewa hilo, mpango wake wote hubadilika. Kitu chenye thamani kubwa ndicho kinachokanyagwa.

Udongo usiowahi kulimwa una vijitundu vya hewa na maji, mbegu zilizolala na nyuzi za uyoga zilizoshikana na mizizi. Mguu ukiukandamiza, hasa ukiwa mfinyanzi uliolowa, vijitundu hivyo hufungika na maji yakatuama. Madhara makubwa hutokea katika mapito machache ya mwanzo, na ndiyo sababu kundi la watu 30 linaloacha njia mara moja tu linaweza kuharibu kuliko mlinzi wa msitu anayepita njia ileile kila siku. Chukueni watu 12 hadi 15 kwa kila kiongozi, pamoja na msaidizi mmoja anayefunga mkia. Wakizidi, gawanyeni makundi yaanze kwa kupishana nusu saa.

Kwenye matope ndipo wengi hukosea. Mtembezi akiona dimbwi hulizunguka, wa pili naye hulizunguka zaidi kidogo, na baada ya majira mawili njia ya upana wa mita moja imekuwa barabara ya mita tano. Waambieni mapema waje na buti, kisha wapite katikati ya matope, mmoja nyuma ya mwingine. Watanung'unika kidogo. Sehemu ikiwa mbaya kiasi kwamba hapapitiki bila kuzunguka, badilisheni njia au ahirisheni; misitu ya udongo wa mfinyanzi haifai kwa makundi makubwa katika miezi ya mvua za baridi.

Majira yanayovuta watu wengi ni Aprili na Mei, wakati maua ya bluebell yanapofunika sakafu ya msitu kwa rangi ya buluu. Ni majira yenye hatari vilevile. Mmea huu huishi kwa akiba ya tunguu lake, na akiba hiyo hutengenezwa na majani katika wiki chache kabla majani ya miti hayajafunga mwanga. Jani lililopondwa haliinuki tena, na tunguu hukosa chakula cha mwaka mzima. Kwa kuwa mmea unaotokana na mbegu huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kutoa ua, picha moja ya mtoto aliyeketishwa katikati ya maua huacha pengo la muda mrefu. Chagueni mapema mahali ambapo maua yamesogea hadi ukingoni mwa njia, ili mtoto apigwe picha akiwa amesimama njiani. Kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori na mashamba ya 1981. Litajeni jambo hilo mara moja mwanzoni, kwa upole.

Ua jeupe la anemone ndilo kielelezo kizuri zaidi cha muda. Huenea hasa kwa shina lake la chini ya ardhi, kwa mwendo unaokadiriwa kuwa kama mita 2 kwa miaka 100. Simamisheni kundi mbele ya zulia la anemone lenye upana wa mita kumi, waacheni wapige hesabu wenyewe. Hata hivyo mmea mmoja peke yake hauthibitishi kitu, kwa sababu unaweza kuwa umepandwa au umebaki kwenye ukingo wa shamba. Wataalamu hutafuta mkusanyiko wa mimea kadhaa ya aina hii mahali pamoja, kisha huulinganisha na ramani za zamani na umbo la mpaka. Mpaka wa kale mara nyingi hujipindapinda, ukiwa na tuta na mtaro. Mtaro uko upande wa nje, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzuia mifugo isiingie kula machipukizi.

Kiongozi anayesimama mbele ya kitu kwenye njia nyembamba huonekana na watu watatu tu. Pita kile unachotaka kukionyesha, endelea hadi kiwe katikati ya msafara, kisha rudi usimame nacho. Msemee aliye mbali zaidi, na usianze kabla wa mwisho hajafika, la sivyo wa mwisho atakuwa anachoka bila kusikia chochote. Jua likiwa chini, liangalie wewe, wao walipe mgongo. Kilomita 2 hadi 3 zinatosha kwa saa mbili zenye vituo sita au saba.

Kupima mti hupendwa na watu wa rika zote, na ni rahisi kukosea. Utepe uzungushwe kwenye shina, mita 1.5 kutoka ardhini, ukiwa umelala sawa pande zote. Ukipita juu ya mmea unaotambaa au nundu, kipimo huongezeka bure. Ukikuta nundu hapo hasa, pima chini yake mahali pembamba na uandike kimo ulichotumia. Kwa makadirio ya haraka, mti uliokua peke yake uwanjani huongeza mzingo wa kama sentimita 2.5 kwa mwaka, na ule uliobanwa na wenzake msituni nusu ya hapo. Mwaloni wenye mzingo wa sentimita 250 utakuwa na kama miaka 100 ukiwa malishoni, na kama 200 ukiwa ndani ya msitu. Ni kisio tu. Kwa miti mikongwe sana kanuni hii hudanganya, maana ukuaji hupungua uzeeni.

Wanaoshika utepe wawe wawili. Wengine wabaki njiani. Mizizi myembamba inayolisha mti imejaa katika tabaka la juu la udongo, na kwa mti mkongwe eneo la kulindwa huhesabiwa kuwa mara 15 ya kipenyo cha shina. Shina la mita moja linahitaji mita 15 kila upande. Kukumbatiana kuuzunguka mti watu kumi, ingawa ni picha ya kupendeza, tunashauri kuacha.

Uwindaji wa vijidudu vya kwenye magogo ufanywe kwa gogo moja tu kwa siku, na likigeuzwa lirudishwe lilivyolala, upande uleule. Kuna mbawakawa ambao mabuu yao hukaa miaka kadhaa ndani ya mbao zinazooza. Vibanda vya matawi vya watoto vijengwe pembezoni, kwenye sehemu ya miti iliyopandwa karibuni, na vibomolewe siku hiyohiyo.

Majani ya kitunguu saumu mwitu yanahitaji tahadhari ya pekee. Katikati yake huota mmea mwingine uitwao Arum maculatum, ambao fuwele zake huchoma mdomo na koo. Watu hufundishwa kunusa, lakini baada ya kuchuma jani la kwanza vidole vyote hunuka kitunguu, na kipimo hicho hakifanyi kazi tena. Tazameni mishipa: ya kitunguu hukimbia sambamba hadi nchani, ya Arum hutawanyika kama wavu.

Matembezi ya kusikiliza ndege mwanzoni mwa Mei huanza saa moja kabla ya jua kuchomoza, yaani karibu saa kumi na nusu alfajiri kusini mwa nchi. Ya popo huanza jua likizama. Kipokezi cha sauti za popo kikiwekwa kwenye kilohezi 45 husikika aina moja ya popo wadogo wa pipistrelle, na kwenye 55 ndugu zake wanaofanana nao mno. Usiku ukiwa chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi wadudu huwa wachache, na popo pia. Msimulike kwa tochi penye maficho yao. Kuwasumbua ni kosa la jinai.

Njia ikaguliwe wiki moja kabla, na tena asubuhi ya siku yenyewe. Angalieni juu: matawi yaliyokufa, au yaliyovunjika yakaning'inia. Miti ya eshi (ash) inahitaji jicho kali zaidi, kwani ugonjwa wa kuvu uliothibitishwa nchini mwaka 2012 huzifanya mbao zake kuwa dhaifu na za kukatika ghafla. Hakuna kituo cha mazungumzo chini ya eshi mgonjwa, hata siku tulivu. Upepo mkali ukitabiriwa, ahirisheni bila kujadiliana. Andikeni pia namba ya gridi ya ramani inayoonyesha mahali pa kila kituo; yenye tarakimu nane huonyesha mraba wa mita 10, ya sita mita 100, tofauti kubwa kwa wahudumu wa gari la wagonjwa wanaotafuta mtu kwenye kichaka.

Kabla ya kuingia na baada ya kutoka, buti zisuguliwe kwa brashi, maana vimelea vya magonjwa ya miti husafiri kwenye matope. Kisha kila mtu ajikague kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, na kwa watoto penye nywele. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe juu taratibu bila kumponda. Asichomwe moto wala kupakwa mafuta. Andikeni tarehe. Upele unaotanuka kama duara, dalili ya ugonjwa wa Lyme unaoenezwa na kupe, huweza kuonekana hadi miezi mitatu baadaye, ingawa mara nyingi ni ndani ya wiki nne, na ukitokea daktari aelezwe siku na mahali mtu alipotembea.