Mizani ya weupe: kwa nini rangi ya pichani haifanani na ya mkononi

Umemaliza kofia ya sufu uliyoifuma kwa majuma matatu. Uzi uliuchagua mwenyewe: damu ya mzee, iliyokolea. Usiku huohuo unaiweka mezani chini ya balbu, unaipiga picha kwa simu, na kofia inatoka na rangi ya tofali. Unawatumia wafumaji wenzako na swali la kwanza linalorudi ni, "Huo uzi wa chungwa umeupata wapi?" Simu yako ni nzima na uzi haujapauka. Kilichokosewa ni mizani ya weupe.

Mizani ya weupe ni hesabu ambayo kamera huifanya ili kitu cheupe kitoke cheupe pichani, hata kama mwanga uliokiangaza si mweupe. Weupe ukishakaa mahali pake, rangi nyingine nazo husogea zikakaa karibu na zilivyo. Kwenye kamera nyingi mpangilio huu umeandikwa kwa herufi mbili, WB.

Kinachowatatiza wengi ni wazo lenyewe kwamba mwanga una rangi. Mwanga wa mshumaa una wekundu mwingi. Balbu ya waya hutoa mwanga wa manjano, jua la adhuhuri hukaribia weupe, na kivuli cha nje siku isiyo na mawingu kina ubuluu, kwa kuwa kinachoangaza pale ni anga yenyewe wala si jua. Hatuoni tofauti hizi kwa urahisi. Ukitoka na karatasi uani ukaingia nayo chumbani chenye balbu, utaiona nyeupe kote kuwili, maana ubongo hukisia rangi ya mwanga na kuiondoa kabla hujatambua. Mwaka 2015 picha ya gauni moja iliwagawa watu duniani kote: wengine waliliona la buluu na nyeusi, wengine jeupe na dhahabu. Gauni lilikuwa la buluu na nyeusi. Picha haikuonyesha wazi lilikuwa kwenye mwanga gani, basi kila ubongo ukakisia wake.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, kipimo chenye jina la mwanafizikia Lord Kelvin, aliyependekeza mizani yake ya jotoridi mwaka 1848. Fikiria chuma kinachopashwa moto: kwanza hung'aa chekundu, kisha manjano, na joto likizidi huelekea weupe. Kelvini za mwanga ni joto ambalo kitu kama hicho kingeng'aa kwa rangi hiyo. Mshumaa uko karibu na kelvini 1,900, balbu ya waya 2,700, jua la mchana 5,500, na kivuli kinaweza kupita 7,000. Kwa hiyo mwanga tunaouita wa joto, ule wa manjano, ndio wenye namba ndogo. Jambo hili huchanganya sana mwanzoni. Likumbuke tu unaponunua taa.

Enzi za filamu hapakuwa na hesabu yoyote: ulinunua filamu ya mwanga wa mchana au ya mwanga wa balbu, na ukikosea umekosea. Kamera za leo hujikisia zenyewe. Njia ya zamani ya kukisia, ambayo bado imo kwa namna fulani ndani ya kamera nyingi, ni kudhani kwamba rangi zote za picha zikichanganywa pamoja zitatoa kijivu. Kwa picha ya mtaa wenye watu, miti na mbingu, dhana hiyo si mbaya. Kwa kazi ya mikono inaweza kuharibu kila kitu. Ukiijaza picha yote kwa blanketi jekundu, kamera inaweza kuamini kwamba mwanga ndio mwekundu, ikavuta rangi kuelekea buluu, na wekundu uliouhangaikia ukafifia. Mbao zilizopakwa vanishi hupatwa na hayo hayo: uhudhurungi wake wenye joto hugeuka wa majivu. Ndiyo maana picha mbili za kitu kimoja, moja ya karibu na moja ya mbali, zinaweza kutofautiana rangi ingawa taa haikuguswa.

Dawa ni kuipa kamera kitu inachoweza kukitegemea. Wapiga picha hutumia kadi ya kijivu. Unaiweka kwenye mwanga uleule unaoiangaza kazi yako, unaipiga picha, kisha unaiambia kamera au programu ya kuhariri kwamba hiki ndicho kijivu halisi. Karatasi nyeupe ya kuandikia husaidia kidogo, lakini si ya kuaminika sana: karatasi nyingi zimetiwa kemikali inayopokea miali ya urujuanimno na kuirudisha kama ubuluu, ili zionekane nyeupe zaidi. Ukiweza, hifadhi picha kama faili ghafi (RAW), yaani data ya kamera kabla haijachakatwa. Humo mizani haijakandamizwa ndani ya picha, na unaweza kuibadilisha baadaye bila hasara.

Kuna makosa mawili ambayo mizani haiwezi kuyaponya. La kwanza ni kuchanganya mianga. Dirisha kushoto na balbu kulia, na modeli yako ya ndege itakuwa na bawa la buluu na bawa la manjano. Ukisahihisha hili, lile linazidi kuharibika. Zima balbu, basi. Ushauri huu mmoja umeniokolea picha nyingi kuliko vifaa vyote nilivyonunua. La pili ni taa duni. Baadhi ya taa za LED hazitoi wekundu wa kutosha, na kitu hakiwezi kurudisha rangi ambayo mwanga haukuibeba. Kwa kazi zenye rangi nyingi, tafuta taa ambayo kifungashio chake kina alama ya CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, ya 90 au zaidi, kati ya 100. Hata uzi wenyewe unaweza kukuhadaa hapa: mabonge mawili ya uzi yanayofanana kabisa chini ya taa ya chumbani huweza kuachana waziwazi juani, na hilo ni bora kuligundua kabla ya kufuma.

Baada ya yote hayo inabaki skrini. Simu nyingi zina hali ya usiku inayotia umanjano ili macho yapumzike. Ukihariri picha ikiwa imewashwa, utaona manjano yasiyokuwepo, utaongeza buluu ili kuyaondoa, na asubuhi kofia yako itakuwa zambarau. Izime kwanza, ndipo uguse rangi.