Je, wajua kwa nini mtoto mdogo hujifunza vyema akikaa na aliyemzidi umri?

Mgeni akiingia katika darasa la awali la kijijini huko Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, huenda akakuta kwenye mkeka mmoja mtoto wa miaka mitatu aliyemfuata dada yake, wa miaka mitano aliyeandikishwa rasmi, na wa sita anayengoja kuingia darasa la kwanza, akadhani kuwa mchanganyiko huo ni dalili ya upungufu. Mara nyingi upungufu upo kweli, wa vyumba na wa walimu, lakini wapo walioupanga mchanganyiko huo kwa makusudi. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, na hadi leo madarasa yanayofuata njia yake huwaweka pamoja watoto wa miaka 3 hadi 6.

Sababu yake ilielezwa vizuri na Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyeishi kati ya 1896 na 1934: baina ya jambo ambalo mtoto analiweza peke yake na lile analoliweza akisaidiwa na anayemzidi ujuzi kuna nafasi, na humo ndimo ujifunzaji unamotokea. Mtazame mtoto wa miaka mitatu akihesabu karanga. Ulimi unasema "moja, mbili, tatu" huku kidole kimekwisha kuruka karanga mbili. Mwenzake wa miaka mitano humshika mkono na kumsogezea karanga mojamoja, kwa kuwa kosa hilo lilikuwa lake mwaka jana tu na bado analikumbuka.

Wazazi wengi huhofu kwamba mkubwa atarudishwa nyuma. Hofu hiyo naielewa, lakini anayemwelekeza mwenzake hulazimika kulipanga kichwani jambo alilokuwa akilifanya bila kufikiri, na hapo ndipo analimiliki.

Kwa Dodoma kuna faida nyingine ambayo kwangu ina uzito zaidi, nayo ni lugha. Watoto wengi wa vijijini hufika darasani wakizungumza Kigogo cha nyumbani, ilhali mwalimu anafundisha kwa Kiswahili na pengine ametoka mkoa mwingine. Mtoto mkubwa, aliyekwisha kuzoea lugha zote mbili, humnong'oneza mdogo maana ya agizo, na baada ya wiki kadhaa mdogo huanza kulijibu mwenyewe. Jambo hili si geni kwao, maana hata machungani wadogo hujifunza kuwatunza ndama na mbuzi kwa kufuatana na kaka zao.

Hata hivyo, umri mchanganyiko haufanyi kazi wenyewe. Mwalimu hana budi kuandaa kazi ya ngazi tofauti kwa zana zilezile: kwa rundo moja la mbegu, wa miaka mitatu atenganishe rangi, wa mitano ahesabu, wa sita aandike namba. Upangaji huo unawezekana pale uwiano uliokusudiwa wa mwalimu mmoja kwa watoto 25 unapokaribiwa. Darasa likifika watoto themanini, mkubwa hugeuzwa yaya wa kuwatuliza wadogo, naye hukosa saa yake mwenyewe ya kukaa na mwalimu na kufundishwa jambo ambalo bado halijui.