Rangi ya nukta za kaboni huamuliwa chunguni

Nukta za kaboni ni chembe ndogo, kwa kawaida chini ya nanomita 10, zinazong'aa zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno. Ziligundulika Marekani mwaka 2004, watafiti walipokuwa wakisafisha mirija midogo ya kaboni kutoka kwenye masizi.

Wengi hudhani rangi yake hutegemea ukubwa wa chembe tu. Ukubwa una nafasi yake, lakini viambato, kimiminika cha kupikia na hali ya uso wa chembe huwa na nguvu zaidi.

Chukua asidi ya sitriki, ile ile ndimu ya unga ya jikoni. Gramu 1.05 zikiyeyushwa katika mililita 10 za maji pamoja na mikrolita 335 za ethilinidiamini (kemikali ya majimaji yenye naitrojeni), kisha zikapikwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa muda wa saa 5 ndani ya chombo cha chuma chenye kikombe cha Teflon, hutoa buluu kali. Badilisha: asidi gramu 3, urea gramu 3, maji mililita 10, dakika 4 hadi 5 kwenye maikrowevu ya wati 750, upate kijani. Sasa ondoa maji, weka dimethilifomamaidi, kimiminika cha kuyeyushia, upike kwenye chombo kilichofungwa. Rangi husogea kwenye chungwa na hata nyekundu. Bila maji, viambato hupoteza maji yake kwa urahisi na kuungana katika mapande mapana ya kaboni na naitrojeni. Pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni huhitaji ili kupanda ngazi, hupungua, na mwanga huelekea wekundu. Dimethilifomamaidi hudhuru ini: fanyia kazi chini ya kifyonza hewa, na maikrowevu hiyo isirudi kupasha chakula.

Chombo kilichofungwa kisijazwe zaidi ya theluthi mbili, wala kisifunguliwe kabla ya kupoa kabisa.

Makosa mengi huanza baada ya kupika. Katika ile buluu, sehemu ya mng'ao hutoka kwa molekuli ndogo zilizoyeyuka, si kwa nukta zenyewe. Pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22, kisha loweka ndani ya mfuko wa utando wa daltoni 1000 (kipimo cha uzito wa molekuli; zilizo ndogo kuliko hapo hupenya na kutoka), ukibadilisha maji ya nje mara kwa mara, mpaka maji hayo yasing'ae tena.

Usipime myeyusho mzito. Hujifyonzea mwanga wake wa buluu, rangi ikaonekana imesogea. Uzimue hadi ufyonzaji, yaani kipimo cha mwanga unaomezwa na myeyusho, ushuke chini ya 0.1. Ukimulika kwa nanomita 365, kilele chembamba karibu na nanomita 417 kwenye mchoro wa mwanga ni cha maji yenyewe. Ukikausha ukapata unga usiong'aa, chembe zimebanana. Changanya myeyusho na wanga kabla ya kukausha, ili zikae mbalimbali.