Je, wajua? Mawe ya lava hayali tairi upande mmoja

Onyesha tairi la mbele lililokwisha upande wa ndani tu katika garaji nyingi za Goma, jibu la haraka litakuwa: mawe. Mshukiwa huyo hahitaji kutafutwa. Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, na hadi leo kuna mitaa ambayo barabara yake ni lava iliyosawazishwa tu. Jiwe lile linakata mpira kweli. Ila halina uwezo wa kuchagua upande.

Tairi linapobingirika, upana wake wote unagusa chini. Mawe yakilichakaza, utaona mikato ya ovyo katikati na pembeni, vipande vilivyomeguka hapa na pale, pengine ubavu uliovimba. Tena matairi ya nyuma yanapita juu ya mawe yaleyale. Kama ya nyuma yana meno mazima, na la mbele lina meno nje huku ndani nyuzi za chuma zimeanza kuchungulia, usilaumu barabara kwanza. Wala usilaumu usukani wa kulia wa magari yaliyotoka Japani: uzito wa dereva mmoja ni mdogo mno kwa gari la tani moja na zaidi.

Upepo nao ni rahisi kuuondoa kwenye orodha. Ukipungua, tairi huisha kingo zote mbili. Ukizidi, huisha katikati. Kipimo sahihi kiko kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa dereva (220 kwa kilopaskali ni bar 2.2), nacho hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, sio cha kujazia.

Kinachobaki ni mwelekeo wa magurudumu, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Chukua chukudu mbili (zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zisizo na pedali), zifunge ubavu kwa ubavu kwa ubao, lakini pua zake ziwe zimeachana kidogo. Sasa zisukume. Ya kushoto inataka kwenda kushoto, ya kulia inataka kulia, ubao unakataa. Zitaenda mbele, ndiyo, lakini kila gurudumu linaburutwa kuelekea ndani huku linabingirika, na ukingo wa ndani ndio unaotangulia kusuguliwa. Baada ya safari chache, ule mpira uliopigiliwa kwenye gurudumu la mbao utakuwa umenyolewa upande mmoja. Pua zikielekeana badala ya kuachana, utanyolewa upande wa nje.

Ajabu ni udogo wa kosa lenyewe. Gurudumu likipinda nusu digrii tu, jicho haliwezi kuona, lakini kwa hesabu ya karatasi linaburutwa ubavu karibu mita 9 kwa kila kilomita. Goma hadi Sake, kilomita kama 25, ni zaidi ya mita 200 za kusugua. Barabarani msuguano halisi ni mdogo kuliko huo, kwa sababu mpira hunyumbuka kabla ya kuteleza. Bado unatosha kumaliza tairi jipya mapema sana.

Wengine watasema gurudumu limelala, yaani juu yake limeinamia ndani. Springi zilizochoka za gari la familia linalobeba watu saba na magunia huweza kulilaza kweli, na ukingo wa ndani ukabeba mzigo zaidi. Lakini gurudumu lililolala bila kupinda hula tairi polepole. Yakikutana yote mawili, ndipo ndani panaisha kabisa.

Hata hivyo mawe hayatoki bila kosa. Kila shimo linagonga rotili za usukani (viungo vinavyounganisha usukani na magurudumu), zinalegea, na zikilegea pua za magurudumu zinajiendea. Inua gari kwa jeki, weka na kigingi imara chini yake, shika gurudumu kushoto na kulia, litikise. Likicheza, na ukasikia tak-tak, rotili za usukani zimekwisha. Likicheza ukishika juu na chini, angalia beringi au rotili ya chini. Pitisha pia kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka ndani kwenda nje, kisha kurudi: likiwa laini ukienda na kukwaruza ukirudi, au kinyume chake, limeburutwa.

Paralelismu, yaani kurekebisha mwelekeo wa magurudumu, hufanywa baada ya kubadilisha rotili, sio kabla. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, weka alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, kwa nyuma, usawa wa ekseli. Pima umbali kati ya alama, sukuma gari mbele mpaka alama zije mbele usawa uleule, pima tena. Zile nusu digrii kila upande zitaonekana kama tofauti ya sentimita moja hivi. Kazi ya kamba na futi inatosha kugundua ugonjwa, ingawa mashine hupima vizuri zaidi.

Tairi lenye mabonde na vilima kuzunguka ni kesi nyingine. Hapo angalia amotisa (kifaa kinachotuliza mrukoruko wa springi) na balansi (ulinganifu wa uzito wa gurudumu), maana paralelismu haitasaidia kitu.